Tupeane uzoefu: mifumo ya kompyuta na AI hospitalini na kazini, ilikusaidia au ilikutia kwenye balaa?

Mtu wa Mabibo
Wakuu habari za jioni. Leo nimempeleka mama kliniki ya presha, tumefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ilipofika saa nne dada wa dirishani akatangaza mfumo upo chini tusubiri. Nyie mnajua inavyokuwa. Dirisha halitoi control namba, famasi hawaoni dokta kaandika nini, majibu ya maabara yapo ila hayafunguki, akina mama na watoto mgongoni wamejaa mpaka kwenye korido. Watu wakaanza kusema hao waliotengeneza huu mfumo wangekuja wakae hapa waone, na mimi nikanyamaza kimya kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Natengeneza mifumo ya zahanati na vituo vya afya binafsi hapa mjini, tupo watatu ofisini. ChatGPT ilivyotoka Novemba 2022 nilikuwa naichezea tu, siku hizi sehemu kubwa ya programu zetu tunaandikiwa na AI, kazi ya wiki mbili inaisha siku tatu. Sasa pale benchi swali likanijia, hivi mistari yote ninayoandikiwa huwa naisoma? Huwa siisomi yote. Naisoma ya juu juu, naijaribu, ikifanya kazi naipandisha kwenye mfumo wateja waanze kuitumia.
Naomba tupeane uzoefu, wa hospitali, wa ofisini, wa mgonjwa, wote karibuni.

MamaJunia
Hilo neno "mfumo upo chini" nikilisikia tumbo linanikata. Nipo nasoma.

Fundi Seva
Mkuu umenikumbusha Mei 2024. Jumapili tarehe 12 nyaya za baharini zilikatika, EASSy na Seacom kwa pamoja, intaneti ikawa ya kuokoteza. Nilikuwa nahudumia kituo kimoja njia ya Mbezi, data zao zote zipo seva ya Ulaya. Jumatatu asubuhi mganga mfawidhi ananipigia, mgonjwa wa kisukari yupo mbele yangu na sijui mara ya mwisho alipewa nini. Sikuwa na jibu. Kilichowaokoa ni mama mmoja wa mapokezi ambaye alikuwa hajaacha kaunta buku lake, watu walikuwa wanamwambia mama hayo mambo ya zamani, na siku hiyo kila mtu alikuwa anapanga foleni kwake. Tangu siku ile sifungi mfumo bila seva ndogo ndani ya jengo yenye betri yake, kazi inaendelea hapo hapo na mtandao ukirudi data zinapanda. Mteja akisema ni gharama namwambia atafute fundi mwingine.

Dogo wa Kimara
Mimi ni upande wa ajira tu. Nimemaliza chuo, nimezunguka na CV kuanzia Kijitonyama mpaka Mikocheni. Ofisi moja bosi akaniambia ukweli, zile kazi ndogo ndogo tulizokuwa tunawapa vijana wajifunzie, kurekebisha fomu, kuandika majaribio, sasa hivi anazifanya AI. Nikamuuliza sasa mimi nitajifunzia wapi? Akakosa jibu, akanipa maji ya kunywa. Naomba ushauri wakuu.

Kinyerezi Yetu
Dogo achana na kuprogramu, ingia kwenye kutengeneza vifaa, mashine za hospitali zikiharibika AI haishiki bisibisi.

Fundi Seva
Usimsikilize dogo, kaza hapo hapo. Kuna utafiti wa 2025 wa METR, shirika linalopima uwezo wa AI, walichukua developa 16 wazoefu kabisa wakawapa kazi za kwenye programu wanazozijua wenyewe, wakiwa na AI walichelewa kwa asilimia 19, na wao wenyewe walidhani wamewahi kwa asilimia 20. Anayejua kusoma programu ya mwenzake bado atatafutwa sana.

Mpemba wa Ilala
Mkuu utafiti wa watu 16 usiufanye sheria. Mimi AI imenirahisishia sana.

sista wa zamu
Mimi huwa nasoma tu humu siandiki, ila huyu kaka wa Mabibo kanigusa aliposema huwa hasomi yote. Ni nesi, mwaka wa kumi na nne kazini, wodi ya watoto wachanga, kituo sikitaji na msiniulize.

Ilikuwa masika, mvua inanyesha tangu jioni, naiti tupo wawili, mimi na binti mmoja mgeni mzuri tu mchapakazi. Wiki hiyo tulikuwa tumeletewa vishikwambi vipya na mfumo umefanyiwa apdeti, unaingiza uzito wa mtoto na dawa, wenyewe unakupa dozi mpaka mililita za kuvuta, tukafurahi maana usiku wa manane kichwa kinachoka kupiga hesabu. Kuna mtoto wa siku mbili anashukiwa maambukizi ya damu, kaandikiwa ampisilini na gentamisini. Kilo 2.8. Sasa gentamisini kwa mtoto huyo ni miligramu 5 kwa kilo, yaani miligramu 14, na vayali zetu, yaani vile vichupa vya dawa ya sindano, ni miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo unavuta 0.35, ile ya kibomba cha mililita moja hata nusu haifiki. Mimi nipo kona ya pili namwekea mwingine oksijeni nasikia binti ananiuliza, sista vayali za genta zipo wapi nyingine, hii inataka mbili.

Mbili. Mwili ulikufa ganzi. Nikamwambia weka chini, weka chini kila kitu. Nimefika pale tayari vayali ya kwanza imeshavutwa yote, kibomba kikubwa kimejaa mililita mbili, anafungua ya pili, na mfumo kwenye skrini umeandika vizuri kabisa kwa rangi ya kijani 3.5 ml. Mara kumi. Dawa ile ikizidi inakwenda kwenye figo na masikio, na mtoto mwenyewe mkono wake haufiki kidole changu cha kati. Nikapiga hesabu kwa kalamu juu ya boksi la glovu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu mkono unatetemeka, mama wa mtoto amekaa pale pembeni anatuangalia anasema sista kuna nini, nikamwambia hakuna kitu mama tunaandaa dawa. Tukavuta 0.35 tukampa. Nikaenda stoo nikakaa chini kwenye makatoni ya dripu nikalia.

Mafundi wa mfumo walikuja siku ya tatu. Kumbe kibodi ya namba ya vile vishikwambi ilikuwa na koma, binti kaandika 2,8. Mfumo ukachukulia ni koma ya elfu kama kwenye pesa, ukaifuta, 2,8 ikawa 28. Mtoto wa siku mbili ana kilo 28 na mfumo haukushtuka, ukazidisha mara 5 ukatoa majibu. Yule kijana wao alikuwa mkweli, alisema kile kipande kiliandikwa na AI, na majaribio ya kukihakiki nayo yaliandikwa na AI ile ile, yote yakapita, kwa sababu kwenye majaribio yote uzito uliandikwa kwa pointi.

MamaJunia
Mungu wangu. Dada mtoto yupo????

Babu wa Chanika
Nimesoma nimesimama. Mtoto alipona?

Kinyerezi Yetu
Pole sista. Ila tuseme ukweli hapo AI haina kosa, aliyeandika koma ndiye aliyekosea. Mafunzo ya watumiaji ni muhimu.

Mpemba wa Ilala
Kinyerezi una watoto wewe? Mtu yupo zamu usiku, wodi nzima wauguzi wawili, wewe unataka koma iwe kosa lake?

Kinyerezi Yetu
Sijamlaumu binti mkuu, nimesema mafunzo. Gari likipinduka tunaangalia na dereva.

Fundi Seva
Hapana mzee, hilo sikubali. Sehemu ya kuandika uzito inapokea kitu chochote bila kuhoji, hiyo ni breki hakuna. Na AI sio mtu wa kumlaumu, aliyeipandisha bila kuisoma ndiye mwenye mzigo.

Dogo wa Kimara
Halafu hicho kipande ndio zile kazi ndogo za vijana nilizosema. Mimi nisingejua gentamisini ni nini ila kilo 28 kwa mtoto wa siku mbili ningeishangaa.

Mtaalamu wa Mionzi
Poleni, lakini msifike mahali pa kuona kila mashine ni adui, naomba niseme ya kwangu. Tunapima kifua kikuu kwa eksirei, tunakwenda mpaka vijiweni, Mbagala, Vingunguti, stendi za bodaboda. Zamani picha zinapigwa mchana zinasubiri daktari wa kuzisoma, majibu yakitoka kijana ameshahama kijiwe. Sasa hivi programu inaisoma pale pale inatoa alama, alama ikiwa juu tunamwomba makohozi tunapeleka kwenye GeneXpert, mashine ya kuthibitisha kifua kikuu, ndani ya saa mbili tunajua. WHO waliikubali 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Nimeona kwa macho yangu watu waliokuwa wanatembea nao bila kujua wakianza dawa wiki hiyo hiyo.
Ila alikuja mzee mmoja alama juu kabisa, vijana wakaanza kumkalisha mbali, mzee wa watu akainama kwa aibu. Nikamvuta pembeni nikamuuliza mzee wangu uliwahi kutibiwa kifua? Akasema ndiyo, miaka mingi nyuma, alimaliza dozi yake. Makohozi safi. Programu iliona makovu. Kumuuliza mzee ni kazi ya mtu. Geoffrey Hinton, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa AI, mwaka 2016 alisema watu waache kusomesha madaktari wa mionzi maana ndani ya miaka mitano kompyuta itawazidi, miaka imepita na sisi huku bado tunawatafuta hao madaktari kwa tochi.

CO wa Moro
Naunga mkono. Kuna utafiti ulifanyika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro, mahudhurio ya watoto zaidi ya elfu 44. Mhudumu anaulizwa maswali na kishikwambi hatua kwa hatua, kuna kipimo cha damu cha CRP kinachosaidia kujua kama maambukizi ni makali, na cha oksijeni ya kidoleni. Walioandikiwa antibayotiki wakawa asilimia 23, kwenye vituo vya kawaida ni 70, na watoto hawakuzidi kuumwa. Nikiangalia amoksilini zinavyouzwa huku Dar kama karanga roho inauma.

Mpemba wa Ilala
Hiyo sio AI lakini mkuu, hizo ni kanuni za madaktari zimewekwa kwenye kompyuta.

CO wa Moro
Sawa sio AI. Ndio maana kila hatua unaweza kuifungua ukaona dokta gani kaiweka na kwa nini.

Wakili Mdogo
Kuna jambo mnalipita. Kuna madevelopa mfumo ukigoma wanachukua majibu ya wagonjwa na majina yao wanabandika kwenye AI iwatafutie kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti. Majibu ya VVU ya mtu yakishatoka nje huwezi kuyarudisha.

MamaJunia
Sista tunasubiri habari ya mtoto jamani.

sista wa zamu
Samahani nilikuwa kwenye daladala. Mtoto yupo. Alimaliza dawa siku zake akaenda nyumbani. Chanjo ya wiki sita mama yake alipita wodini kunionyesha, kanenepa, mashavu haya. Yule mama hajui mpaka leo na mimi sijapata nguvu ya kumwambia. Binti naye aliomba kuhamishwa wodi, hilo linaniuma kuliko vyote maana alikuwa nesi mzuri, na ni yeye aliyeuliza kwa sauti.

Babu wa Chanika
Alhamdulillah. Mtafute huyo binti umwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia sisi.

Mtu wa Mabibo
Nimerudi, ni saa tano na robo usiku. Baada ya kusoma ya sista nilifungua laptopu nikatafuta kwenye mfumo wetu. Ipo. Mstari ule ule, futa koma zote kisha geuza kuwa namba. Tuliuandika kwa ajili ya malipo, na kwa shilingi uko sahihi, ila AI ilivyotengeneza fomu ya uzito ikauazima huo huo na mimi nikaupandisha. Upo tangu Agosti, vituo vitatu, kimoja kina chumba cha kujifungulia. Nimeingia kwenye kumbukumbu nikakuta mtoto mchanga kilo 31, na mwingine 26. Nimewapigia inchaji wote watatu nikawaambia usiku huu dozi zote zipigwe kwa mkono na wa pili ahakiki, wamefungua mafaili ya hao watoto wawili, hawakuandikiwa dawa yoyote ya kupimwa kwa kilo. Mikono yangu inatetemeka naandika hapa. Nimepanga kubadilisha koma isomwe kama pointi, na mtoto wa chini ya siku 28 akizidi kilo 6 mfumo ukatae. Sista hiyo inatosha?

sista wa zamu
Haitoshi kaka yangu. Usigeuze koma kuwa pointi kimya kimya, kesho mtu ataandika kitu kingine usichokitegemea. Ikiona koma isimame, imuulize nesi uzito ni kilo ngapi, aandike upya. Halafu chini ya mililita andika na idadi ya vayali, na kwa mchanga ikizidi moja skrini yote iwe nyekundu. Mililita 3.5 saa nane usiku ni namba tu, macho yanapita. Vayali mbili nesi yeyote anashtuka.

Mtu wa Mabibo
Asante dada. Naiandika mwenyewe sasa hivi, mstari kwa mstari.

sista wa zamu
Naingia zamu saa moja na nusu asubuhi. Ukimaliza kabla, nitumie picha za skrini niziangalie kwa macho ya wodini.