Printa ya zamani na mpya, naziwekaje zote kwenye waifai ya nyumbani?

BabaNeema_Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, naombeni msaada maana wife ananiangalia kama nimetupa hela. Iko hivi, nina printa ya leza ya zamani inayoprinti nyeusi tupu, ya waya wa USB, haina waifai wala nini ila kazi inapiga, imechomekwa kwenye desktopu ya Windows 7. Mwezi uliopita nikavuta printa mpya ya rangi, hizi za kumimina wino kwenye matenki, ina waifai. Wife ni mwalimu, anaprinti maandalio ya somo na majaribio ya watoto, anatumia iPhone. Mimi nina Android na laptopu ya Windows 11.

Sasa printa mpya haiioni ruta yangu kabisa, ikitafuta inaleta waifai ya jirani tu, yangu haipo, na hapo simu zote ziko hewani zinacheza YouTube. Au ni kwa sababu ruta yangu ni ya 5G? Nikajaribu kuiunga kwenye hotspoti ya simu yangu, ikakubali, ila iPhone ikasema hakuna printa. Na hii leza nayo nimechoka kutembea na flashi kutoka chumbani hadi sebuleni. Afu swali la ushamba, kuprinti kwa waifai kunakula bando?

Kitonka_Kitonga
Mkuu si upeleke tu stationari. Matatizo mengine tunajinunulia wenyewe 😂

fundi_Kisasa
Achana na huyo. Naanza na bando, halili. Kazi inatoka kwenye simu inapita kwenye ruta inaingia kwenye printa, yote humo humo ndani, hata bando likiisha unaprinti vizuri tu ilimradi ruta inawaka. Bando litatumika ukishusha draiva (programu ya kuiunganisha kompyuta na printa) au ile apu ya printa.

Pili, 5G ya laini ya simu na "5G" inayoandikwa mwishoni mwa jina la waifai ni vitu viwili tofauti, watu wengi wanachanganya hapa. Ya laini ni mnara, haina shida na printa yako. Ya kwenye jina ni masafa ya 5 GHz, na printa nyingi za nyumbani zinasikia 2.4 GHz peke yake. Nahisi 2.4 imezimwa. Ingia kwenye setingi za ruta (anwani na paswedi ziko kwenye stika chini ya ruta), iwashe, ipe jina tofauti na ile nyingine. Halafu cheki aina ya ulinzi wa waifai, kama umewekwa WPA3 (ile mpya) tupu rudisha WPA2, printa nyingi hazijui WPA3. Wakati wa kuunga weka na simu kwenye 2.4, ukimaliza simu irudi tu kwenye 5, zitaonana maana ruta ni moja. Usitumie waifai ya wageni, ile inazuia vifaa kuonana.

Hotspoti ilifeli kwa sababu printa ilikuwa kwenye simu yako na wife yuko kwenye ruta, ni kama wewe upo Ipagala unamwita mtu aliyeko Kikuyu. iPhone haihitaji draiva, inatumia AirPrint, njia ya Apple ya kuprinti bila waya, ipo tangu 2010. Android ya 8 kuja juu nayo inaprinti yenyewe.

BabaNeema_Nkuhungu
Daah fundi umeniumbua. Kuna dogo alikuja kufunga ruta akaniambia zima hiyo 2.4 ni slow, nikazima mwenyewe kwa mkono wangu. Naenda kuwasha sasa hivi. Na leza je? Ruta ina tundu la USB, nikichomeka pale?

mwana_UDOM
Usichomeke kwenye ruta mkuu, utapoteza jumapili nzima. Leza ndogo nyingi za zamani hazina akili yake yenyewe, zinategemea kompyuta iziandalie ukurasa, nyingine hadi zilishwe programu yake kila ukiziwasha, na ruta haiwezi hiyo kazi. Ungeweza kuishea kutoka kwenye hiyo Windows 7 ila kuizungumzisha na 11 ni kesi, halafu Windows 7 iliachwa kupewa masasisho tangu Januari 2020, na iPhone haitaiona hata kidogo.

Mimi ya kwangu niliweka Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) kwenye laptopu mbovu ya kioo kilichopasuka, ndani yake kuna CUPS, programu ya kusimamia printa, unaingia kwenye brauza unaandika localhost:631, unaongeza printa, unatiki kuishea. Ikiwa na Avahi pembeni, programu ya kutangaza vifaa kwenye mtandao wa ndani, inajitangaza kama AirPrint, kwa hiyo printa ya kizee inatokea kwenye iPhone mpya kama kawaida. Ila kwanza hakikisha modeli yako ina draiva ya Linux.

mama_tuisheni_Singida
Naongezea kitu kimoja kwa sababu kilinitesa. Umeme ukikatika ukirudi ruta inaweza kuipa printa IP (anwani yake kwenye mtandao) nyingine, Windows inabaki inaitafuta kule kule kwa zamani inakuandikia offline na wewe unaanza kudelete na kuinstall upya kila wiki. Ifungie printa IP moja kwenye setingi za ruta. Na hiyo ya wino msiiache wiki mbili bila kuprinti, kiangazi cha huku kati kikavu mno, vitundu vinaziba. Ifunikeni kanga, vumbi nalo halina adabu. Leza msiichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ya kompyuta, ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi.

BabaNeema_Nkuhungu
Mrejesho. 2.4 nimewasha, printa mpya imeiona ruta papo hapo, wife kaprinti jaribio la hesabu la darasa la nne akiwa jikoni anapindua chapati, simu ina unga kwenye kioo. IP nimeifunga. Leza bado, dogo wa UDOM nicheki inboksi, desktopu naitoa sadaka iwe Linux.

Kitonka_Kitonga
Kwa hiyo CV yangu naleta lini nije kuprinti?

BabaNeema_Nkuhungu
Njoo na rimu yako.