Gari la Shangazi bado liko kituoni

Shangazi: Asalaam alaykum wanangu. Leo siku ya 23 gari liko uani kwa polisi. Nimepita asubuhi, tairi mbili zimelala na majani yamefika kwenye bampa.

Ami Salim: Waalaykum salaam dada. Hao ukiwabembeleza leo, kesho watakwambia mpelelezi hayupo.

Shangazi: Ndivyo walivyoniambia 😅

Juma: Likitoka uza tu tupumzike. Ila na wewe Shangazi, kumpa yule kijana funguo...

Rukia: Juma hebu. Shikamoo Shangazi. Kijana ameshasomewa mashtaka?

Shangazi: Marahaba mwanangu. Jumatatu. Kubeba mali ya wizi ndani ya gari langu. Mimi simo.

Rukia: Basi kituoni usirudi kuomba. Kesi ikishafika mahakamani, mwenye kauli juu ya gari ni hakimu. Wakili apeleke maombi na kiapo chako cha maandishi.

Ami Salim: Si ndiyo ushahidi huo? Likitoka kesi inakufa.

Rukia: Haifi Ami. Picha za kila upande, namba ya chesisi na injini, orodha ya walichokikuta ndani ikiwa na saini: hivyo ndivyo vinavyosomwa mahakamani. Gari kuozea uani halimsaidii hata mwendesha mashtaka. Mahakama ya Juu ya India ilishalisema mwaka 2002 kwenye kesi ya jimbo la Gujarat: magari yasirundikwe vituoni, na vitu vilivyokamatwa visikae polisi zaidi ya siku 15 hadi mwezi. Kenya nako, kifungu cha 177 cha sheria ya mwenendo wa jinai kinamruhusu hakimu kuamuru mali aliyokutwa nayo mshtakiwa irudi kwa anayeonekana ana haki nayo.

Juma: Yaani mwenye kadi.

Rukia: Mara nyingi. Ila gari likiwa na deni la benki, benki nayo ina neno. Wakitokea wawili wanaligombea, hakimu anaweza kumkabidhi mmoja alitunze tu, umiliki wakaugombee kwenye kesi ya madai.

Shangazi: Langu halina deni wala mgombea. Nitapewa hivihivi?

Rukia: Hapana, kwa masharti. Utasaini bondi, yaani ahadi ya maandishi kwa mahakama, pengine na mdhamini. Usiuze, usibadili rangi wala injini, na likiitwa mahakamani ulilete. Juma umeona hapo kwenye "usiuze"?

Juma: 🙈

Ami Salim: Na hakimu akikataa?

Rukia: Anaweza. Labda wataalamu hawajamaliza kulikagua. Au kosa lenyewe ni la aina ambayo sheria inaruhusu gari kutaifishwa, kama dawa za kulevya. Hapo ndipo pagumu, maana mwenye gari huenda akatakiwa kuonyesha kwamba hakujua linatumikaje. Letu si hilo, lakini hata hivyo kiapo kiseme wazi funguo ulizitoa kwa shughuli gani.

Shangazi: Aliniambia anahamisha vitanda.

Rukia: Kwa mdomo?

Shangazi: Kwa ujumbe wa simu. Ninao hapa: "Shangazi naomba gari nihamishe vitanda, saa kumi narudisha."

Rukia: Alhamdulillah. Usiufute! Na simu usimpe mtoto kuchezea. Kesho njoo nayo kwa wakili, na kadi ya gari halisi, siyo kivuli.

Shangazi: Kadi iko sandukuni. Funguo ya sanduku anayo Juma.

Juma: Naileta 🏃🏾

Ami Salim: Leo Juma. Siyo kesho.