Mada: Bima imekataa upasuaji wa kupunguza uzito, nami nina kisukari

Mwana-Tukuyu, Ohio

Wakubwa zangu wa Nyanda za Juu Kusini, shikamooni. Juzi nimepokea barua ya bima inayokataa kulipia upasuaji wa kupunguza uzito kwa madai kwamba si wa lazima, ingawa nina kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa sita sasa, BMI yangu (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 38, na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache, haijawahi kushuka chini ya 9%. Mlango wa friji umejaa kalamu za insulini hata maziwa ya watoto nimeyahamishia rafu ya chini. Je, katika rufaa nitumie hoja ya gharama, kwamba nikishapasuliwa bima itatumia fedha kidogo zaidi kwangu? Na barua niiandike mimi, au daktari?

Mzee wa Mafinga, Leicester

Kamwene, mwanangu. Pole sana. Mimi daktari wangu wa kawaida (GP) alinipeleka NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, nikasubiri miaka miwili, nikapasuliwa, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimeacha insulini. Huku mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mwenye kisukari kilichogunduliwa karibuni na BMI ya 35 au zaidi achunguzwe haraka kwa ajili ya upasuaji, na kwa sisi wenye asili ya Afrika kipimo hicho hupunguzwa kwa 2.5. Waandikie kwamba dawa zitakwisha, basi.

Muuguzi wa Uyole, Minneapolis

Baba, naomba radhi, lakini neno "zitakwisha" litamponza mwenzetu. Uswidi waliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 15: waliokuwa na kisukari kabla ya kupasuliwa walitumia fedha kidogo zaidi kwa dawa, lakini gharama yote ya matibabu, ukijumlisha upasuaji wenyewe na kulazwa, ilikaribiana na ya wenzao ambao hawakupasuliwa. Waliopasuliwa bila kuwa na kisukari ndio waliogharimu zaidi ya wenzao ambao hawakupasuliwa. Kwa hiyo hoja ya kweli ni kwamba kwa mgonjwa wa sukari upasuaji hujirudishia sehemu kubwa ya fedha zake huku ukimpa afya, na hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa ambaye kisukari chake hakijakaa miaka mingi. Katika utafiti huohuo, miaka miwili baada ya upasuaji kisukari kilikuwa kimetulia kwa takriban 72% ya wagonjwa. Ilipofika miaka 15 walibaki kama 30%.

Halafu, mdogo wangu, isome barua upya. "Si wa lazima" ni jambo moja, na "haumo katika mpango" ni jingine kabisa. Ikiwa mwajiri wako ndiye anayegharimia mpango na ameuondoa upasuaji huo, maelezo ya daktari peke yake hayatakusaidia. Itabidi uzungumze na mwajiri. Kwa kawaida una siku 180 za kukata rufaa tangu upokee barua.

Mzee wa Mafinga, Leicester

Mimi nimeeleza yaliyoupata mwili wangu, sikusema ni takwimu.

Dada wa Kihesa, Iringa

Nilipasuliwa nikiwa Marekani, kisha nikarudi nyumbani. Dawa za sukari nimeziacha, namshukuru Mungu, lakini kila mwezi nanunua vidonge vya kalsiamu na madini ya chuma, na nachomwa sindano za vitamini B12, kwa fedha za mfukoni. Mwaka niliozembea, damu ilipungua hata nikashindwa kupanda kilima cha kwenda kanisani bila kukaa njiani mara mbili. Anayepiga hesabu ya upasuaji huu aihesabu na chupa hiyo ya vidonge, kwa sababu ni ya maisha, hasa kama anafikiria kurudi kuishi nyumbani.

Mwana-Tukuyu, Ohio

Ndaga fijo, nyote. Nimeisoma tena: imeandikwa "si wa lazima kitabibu", kwa hiyo mlango haujafungwa. Dada, jambo la vidonge sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na mama yangu yuko Tukuyu akiningojea. Naomba tu anayejua anijibu lile la pili: barua niiandike mimi, au daktari?