Dereva ananiona kweli usiku?

Mtembea kwa Miguu: Narudi kutoka kazini gizani, barabara haina njia ya waenda kwa miguu. Gari likija naliona tangu mbali, taa zinanipofusha kabisa. Nachukulia kwamba kama mimi nalazimika kufumba macho, basi na yeye kaniona. Ni sawa?

Dereva wa Lori: Si sawa hata kidogo, ndugu yangu. Wewe unaona taa. Mimi natafuta kivuli. Nikiwa kilomita 60 kwa saa natembea karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka nishtuke, nikanyage breki na gari lisimame, mita 40 na ushee zimekwisha, na hapo lami iwe kavu. Mwenye nguo nyeusi, taa zikiwa zimeshushwa, mara nyingi namwona akiwa karibu kuliko hapo.

Fundi wa Umeme wa Magari: Kuna jambo wengi hawalijui. Taa zikishushwa, mwanga haulingani pande mbili. Upande wa magari yanayokuja hukatwa chini ili usimuumize dereva mwenzako, upande wa pembeni hupandishwa kidogo. Kwa hiyo anayevuka akitokea upande wa magari yanayokuja huchelewa kuonekana.

Mtembea kwa Miguu: Kumbe! Na koti langu jeusi je?

Dereva wa Lori: Livae tu, ila funga utepe unaoakisi mwanga kwenye vifundo vya miguu. Miguu inachezacheza, jicho linajua papo hapo kwamba yule ni mtu. Na tembea ukiyatazama magari yanayokuja.