Mama ana DVD za zamani na TV ya chogo, deki gani itamfaa?

binti_wa_songea:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mama yuko Peramiho, deki yake imekufa mwezi uliopita. Trei inatoka, inarudi, diski inazunguka kidogo, halafu inaandika NO DISC hata ukiweka mpya. Ana bahasha ya kaki yenye diski kumi na moja: harusi yangu ya 2011, komunio ya mdogo wangu, VCD za kwaya. Baba tumeshamzika, na sauti yake imebaki kwenye hizo diski tu. Mpiga video alishahama.

TV ni ya chogo, nyuma ina matundu matatu: njano, nyeupe, nyekundu. Kaka yuko Minnesota, anataka kumtumia deki ya huko, yenye HDMI (tundu la waya mmoja wa TV za kisasa) na inayong'arisha picha. Mimi nimeona ya Kichina hapa Songea mjini. Mama hataki menyu ndefu, anataka aweke diski amwone baba akicheka pale kwenye meza kuu. Nichukue ipi?

fundi_deki_mbeya:
Pole sana dada. Kwanza hiyo iliyokufa usiitupe. Mara nyingi NO DISC ni jicho, kile kioo kidogo kama punje ya mtama kinachong'aa samawati ukifungua mfuniko. Vumbi likikaa pale haioni kitu. Fundi alipanguse taratibu kwa pamba na spiriti safi. Likiwa limechoka, linabadilishwa.

Ya Marekani, mwambie kaka aigeuze asome mgongoni. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, umeme wetu wa 230 utaiunguza. Itafutwe ya 100-240V. Ila kikwazo kikubwa ni PAL, yaani mfumo wa picha ya TV unaotumika huku kwetu. Wapiga video wetu wanarekodi kwa PAL, Marekani wanatumia NTSC, na deki nyingi za kule zinakataa diski ya PAL. Watu wanahangaika na namba ya kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski inaruhusiwa kucheza (Marekani ni 1, sisi 5), lakini diski ya harusi iliyochomwa stoo ya mpiga video haina kufuli hilo. Lipo kwenye filamu za kampuni.

HDMI hiyo TV haina pa kuichomeka. Na DVD ya PAL ina mistari 576 ya picha, chogo inaitosha kabisa.

mtu_wa_moshi:
Naongezea. Mimi nilimletea mjomba deki kutoka Marekani. Umeme ulikubali, lakini kwenye chogo yake picha ilitoka nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama inakimbia. Iko kabatini mpaka leo.

binti_wa_songea:
Shukrani wakuu. Muuzaji ananisisitizia kwamba ya kwake inasoma flashi. Hilo lina maana kwa mama?

fundi_deki_mbeya:
Kwa mama bado. Nyingi zinasoma video za aina ya AVI na MPEG, ukiweka MP4 ya simu zinagoma, na flashi yenyewe iwe imefomatiwa kwa FAT32. Usilipie hiyo. Jambo ninalokuomba sana: diski za kuchoma zinazeeka, rangi yake ya ndani inafifia hata bila mikwaruzo. Tafuta kompyuta yenye tundu la DVD, nakili zote kumi na moja kwanza. Kisha nenda dukani na ile iliyochubuka kuliko zote, usikubali kujaribiwa na diski ya muuzaji. Iache icheze mpaka mwisho, maana DVD inasomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingoni ndiko zinakokwama.

binti_wa_songea:
Mrejesho. Nimenakili kumi, moja ya kwaya imekataa. Dukani nilikwenda na ya komunio. Deki ya kwanza, ile yenye taa nyingi, ilikwama padre anapoinua hostia, picha ikawa vipande vya miraba. Nikaomba ile ndogo nyeusi ya bei ya chini, ikapita pale pale bila kusita mpaka mwisho. Mgongoni ina matundu matatu na maandishi 100-240V. Nimeichukua. Kaka ameelewa, atatuma hela ya kompyuta ya kuhifadhia nakala.

Jana nimempelekea mama. Rimoti ya TV nimeibandika plasta kwenye kitufe cha AV, nyingine kwenye PLAY ya deki. Saa mbili usiku amenipigia, hakusema kitu, ameisogeza simu karibu na TV nimsikie baba.