Tupeane uzoefu: Ulichaguaje kikosi chako cha nyakati zote kwenye ligi ya besiboli ya kete?

Wakuu, habari za jioni. Najua humu tupo kadhaa, hasa tulioko Marekani, tunaocheza ligi za Strat-O-Matic, za mezani na za kompyuta. Tusimuliane: ulianza na nani, ulimwacha nani, na ikawaje msimu ulipoanza?

Kwa mgeni: mchezo huu ulibuniwa na Hal Richman na unauzwa tangu 1961. Kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kwa takwimu zake halisi. Unarusha kete tatu. Ya kwanza ikitoa 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 unasoma ya mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha kupata tokeo. Kwa hiyo marehemu wa 1910 anaweza kumrushia mpira mtu aliyestaafu juzi.

Naanza mimi. Ligi yetu ina timu 12, na zamu za kuchagua wachezaji zinakwenda na kurudi: wa mwisho raundi ya kwanza ndiye anayeanza ya pili. Niliangukia ya 12. Zamu inanifikia, Babe Ruth, Willie Mays na Barry Bonds walishakwenda, lakini Ted Williams alikuwa bado yupo. Nikamwacha. Nikachukua Josh Gibson na Honus Wagner kwa mpigo, na wenzangu wakashangaa.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Wapigaji wakali wa uwanja wa nje kushoto wamejaa: Williams, Bonds, Stan Musial, Rickey Henderson. Besi ya kwanza wapo Lou Gehrig, Jimmie Foxx, Hank Greenberg, Albert Pujols. Ukimkosa huyu unampata yule. Sasa nitafutie mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji) anayepiga kama Gibson, au shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) aliyeongoza ligi kwa wastani wa kupiga mara 8 kama Wagner. Baadaye kabisa nikapata mtu wa nguvu wa besi ya kwanza, wakati wenzangu wanagombania wadakaji ambao gongo linawashinda. Naamini kwa dhati kwamba kushinda au kushindwa kwenye ligi hizi huamuliwa katikati ya uwanja: mdakaji, shotistopu, uwanja wa kati.

Karibuni.

Mdau wa Columbus:
Asante mleta mada. Mimi huanza na swali: kadi ni za msimu mmoja au za maisha yote? Na je, ligi inarekebisha takwimu kulingana na zama? Hapo ndipo watu wanapookota shaba wakidhani ni dhahabu.

Chukua mrushaji Bob Gibson (si Josh) wa 1968. Wastani wa mbio alizoruhusu kwa ingi tisa, yaani vipindi tisa vya mchezo mzima, ulikuwa 1.12, kila mtu anamlilia. Lakini mwaka ule wapigaji wote walikuwa hoi, hata 1969 wakubwa wakashusha kilima cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi 10. Pedro Martínez wa 2000 ana 1.74, ila ligi yake ilikuwa inaruhusu karibu 5. Kwetu takwimu zinarekebishwa, kwa hiyo nilimwacha mwenzangu akimbilie 1.12, nami nikamchukua Pedro raundi iliyofuata. Mkae mkijua tu kwamba Pedro alirusha ingi 217 mwaka ule, Gibson zaidi ya 300. Ukiwa na Pedro, tafuta warushaji wa akiba wa kueleweka.

Mdau wa Dallas:
Mkuu umemtaja Josh Gibson, umenigusa. Msimamizi wa ligi yetu ya zamani alikataa katakata wachezaji wa Negro Leagues, ligi za weusi enzi za ubaguzi, akisema hawana takwimu za kuaminika. Tulibishana sana. Desemba 2020 MLB, wasimamizi wa ligi kuu ya Marekani, ikazitambua ligi zile za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zikaunganishwa. Gibson akampita Ty Cobb kwenye rekodi ya wastani wa kupiga wa maisha yote: .372 dhidi ya .367. Ubishi ukaishia hapo.

Tatizo moja la kweli lilibaki: misimu yao ilikuwa mifupi, kwa hiyo kadi ya mwaka mmoja inaweza kutoka kali kupita kiasi. Sisi tukakubaliana kutumia kadi za maisha yote kwa kila mtu. Tangu hapo Oscar Charleston, naye wa Negro Leagues, hachelewi kuchukuliwa, na anastahili.

Gibson alifariki Januari 1947, ana miaka 35. Jackie Robinson, aliyewafungulia weusi mlango wa ligi kuu, aliingia uwanjani na Dodgers Aprili 15 mwaka huo huo. Kila nikiandika jina la Gibson kwenye orodha ya wapigaji, najihisi namfungulia mlango waliomfungia.

Mdau wa Minneapolis:
Mimi naanza na uwanja. Nilichagua Polo Grounds, uwanja wa zamani wa New York: kutoka kwa mpigaji hadi ukuta wa kulia ni futi 258 tu, kama mita 79, lakini katikati 483. Nikamfuata Mel Ott, anayepiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mipira yake mingi huelekea kulia. Kati ya homurani zake 511 (mipira iliyovuka ukuta), alipiga 323 nyumbani. Halafu nikaweka mkimbiaji hodari uwanja wa kati, maana pale ni pori.

Mdau wa Kampala:
Wakubwa shikamooni. Huku Uganda besiboli tunaijua. 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za Little League, mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Marekani. Ndiyo naingia ligi ya kwanza. Namtaka Rickey Henderson kwa besi zake 1,406 za kuiba, yaani alizokimbilia bila kusubiri mpira upigwe. Nimchukue mapema?

Mleta mada:
Marahaba mdogo wangu. Mchukue, ila si kwa wizi tu. Alipata besi za bure (mrushaji akikosa shabaha mara nne) zaidi ya 2,000, kwa hiyo hata mguu ukigoma bado anafika besi ya kwanza. Kabla ya zamu yako, angalia wadakaji wangapi wamebaki. Wakibaki wawili wa maana, Rickey asubiri.