Ndege iliingia njiani tukiwa tunatua, kapteni hataki tuandike ripoti. Nifanyeje?

Mrukaji_Kijana:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni rubani msaidizi, mkataba wangu bado mchanga. Wiki iliyopita tumeruhusiwa kutua, tumebakiza kidogo kugusa lami, nikaona ndege ndogo inavuka mstari wa kusubiria na kuingia njia ya kurukia. Nikapaza sauti, kapteni akaongeza nguvu, tukapaa tena. Abiria walidhani ni upepo. Baadaye nikachukua fomu ya tukio, kapteni akasema, "Achana nayo, hakuna aliyeumia." Namheshimu sana, na tathmini yangu iko mikononi mwake. Usingizi sipati. Niripoti au ninyamaze?

Mnarani:
Ripoti, mdogo wangu. Uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024, ndege ya walinzi wa pwani wa Japani iliambiwa iende sehemu ya kusubiri, kwamba ni ya kwanza kwenye foleni. Rubani akaelewa ameruhusiwa kuingia. Ikakaa njiani kama sekunde 40 bila mtu kushtuka, mpaka Airbus ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu 379 wa Airbus walitoka hai wote. Kwenye ile ndogo walikufa watano kati ya sita. Baada ya hapo waongoza ndege wa Japani wakaacha kwa muda kuwatajia marubani namba ya foleni. Huenda na hao wenu walisikia neno vibaya. Bila ripoti, kesho mwingine atalisikia vilevile.

Mzee_wa_Anga:
Kisiwani Tenerife, Hispania, 1977, ndege za mashirika ya KLM na Pan Am ziligongana njiani kwenye ukungu, wakafa watu 583, na ndege zote mbili hazikuwa na hitilafu. KLM ilikuwa inaanza kuruka, injinia wake aliyekuwa chumba cha marubani akauliza kama Pan Am imeshatoka njiani. Kapteni akajibu imetoka, injinia akanyamaza. Wewe ulisema, na wako akasikia. Mfuate faraghani, mwambie unaandika, muombe msaini pamoja. Andika ulichoona na kusikia tu: saa, kimo, maneno ya redioni. Mkosaji watamtafuta wachunguzi.

Mrukaji_Kijana:
Shikamoo mzee. Akikataa?

Mzee_wa_Anga:
Marahaba. Peleka mwenyewe idara ya usalama ya kampuni, kisha mamlaka ya anga. Kwa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege kulazimika kukwepa kugongana ni tukio zito.

Mnarani:
Na usingoje. Rekodi za redio mnarani hutakiwa kutunzwa angalau siku 30, na wiki moja imeshapita.